Nyumba ya Mtu Mmoja

Mimi ni mtu wa kelele. Nilizaliwa katikati ya watoto wengi, nikalala kitanda kimoja na dada zangu mpaka nikaenda shule ya bweni, nikatoka bwenini nikaingia chumba cha kupanga na binamu yangu, nikatoka kwa binamu nikaolewa. Mume wangu alipofariki watoto walikuwa bado nyumbani, wamejazana sebuleni na marafiki zao. Kibanda changu cha kushona nguo mjini Kitui kilipakana na cha kinyozi aliyefungulia muziki hata kabla hajafagia. Nikapata wajukuu, nikaanza kuitwa susu, na mpaka hapo sikuwa nimewahi kulala kwenye nyumba isiyo na mtu mwingine ndani.

Kwa hiyo ndugu zangu waliponiambia nipande Mbooni nikakae kwa mama, na mama ashuke Kitui akakae kwa kaka yetu mkubwa, niliona wamenifunga jela.

Mambo yalianza na mama kuteleza. Alikuwa akishuka matuta na mzigo wa majani ya ng'ombe, mvua imelowesha njia, mguu ukamtoka. Hakuvunjika chochote. Lakini alikaa pale kwenye tuta tangu jioni hadi asubuhi, mpaka jirani mmoja aliyekuwa akienda kuchuma kahawa akamkuta ameegemea mzigo wake, amejifunika leso. Jirani alipiga mayowe. Mama akamwambia, "Punguza sauti, nilikuwa napumzika."

Sisi hatukucheka. Kwetu mtu mzee akilala peke yake, aibu si yake, ni ya watoto wake. Ndiyo maana tangu baba afariki tulikuwa tukimpelekea mama mjukuu mmoja baada ya mwingine awe analala naye, kama inavyofanyika kila boma. Mama alikuwa anampokea mtoto vizuri, anampikia uji, anamlaza, na Jumamosi anamrudisha kwao na mfuko wa maparachichi. Tulidhani ni ukaidi wa uzee. Kaka yangu, ambaye ni mzee wa kanisa na hupenda jambo liishe kwa maombi na uamuzi, alituita sote tukakaa chini ya mabati ya jiko la mama, kila mtu akasema lake. Mama aliulizwa mwisho.

"Mimi hapa niko na kazi," akasema.

"Kazi gani, Mwaitu?" kaka akamuuliza kwa upole. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

"Kazi yangu."

"Umefanya kazi ya kutosha, Mwaitu. Sasa ni wakati wa kukaa na watu."

Sote tukaitikia. Mimi pia niliitikia, tena kwa sauti, maana nilimwonea huruma kweli. Ikabaki swali la nani ataangalia ng'ombe, kahawa na miparachichi. Macho yote yakanigeukia. Kibanda nilikuwa nimekifunga kwa sababu ya macho yangu, watoto walikuwa wamekwenda kutafuta maisha, nimebaki na mpangaji chumba cha pili. "Wewe huna mtu nyumbani," kaka akasema. Alisema bila ubaya, lakini lile neno lilinichoma.

Mama alishuka Kitui na begi moja. Mimi nikabaki na nyumba, ng'ombe wawili na ukungu.

Watu wa Kitui hawajui ukungu. Kule jua linakuamsha, vumbi linakusalimia, na maji ni habari ya kila siku. Mbooni miezi ya baridi ukungu unapanda kutoka bondeni unaingia mpaka jikoni, unasimama mlangoni huoni hata choo. Na kimya chake! Nilisikia mabati yakikunjuka. Nilimsikia ng'ombe akimeza. Nilifungulia redio jikoni na nyingine chumbani, vituo tofauti, ili nione kama watu wanabishana. Niliwapigia simu jamaa wote mpaka wakaanza kutoshika. Nilikuwa nashuka mpaka Mbumbuni kununua kiberiti kimoja, nusu siku nzima, ili tu nibishane bei na mtu.

Kina mama wa kanisa waliniona ninavyohangaika. Wakapanga zamu. Wakawa wanakuja wawili wawili kila alasiri, "kukutoa upweke," walisema, na kwa kweli mwanzoni niliwashukuru kwa machozi. Tulikunywa chai, tukaomba, tukasema habari za wasiokuwepo. Wakiondoka nilikuwa nawasindikiza mbali kuliko adabu inavyotaka.

Kilichonibadilisha ni upuuzi mdogo tu. Binti yangu alinitumia video kwenye simu, akaandika, "Mama, tazama hii." Ilikuwa ni shairi lililochorwa. Mwanamke wa penseli amekaa dirishani, maneno yanajiandika kando yake mstari mmoja mmoja, na katika picha yote kitu kimoja tu kinasogea, mvuke wa chai yake. Niliitazama nikakasirika. Nikasema, huyu hana kazi? Nikaitazama tena nikisubiri mtu aingie mlangoni. Hakuna aliyeingia. Katika sinema zote nilizowahi kuona, mtu akionyeshwa peke yake, ama anasubiriwa na mpenzi ama anakaribia kuuawa. Huyu alikunywa chai yake, ikaisha, na shairi likaisha. Niliitazama mpaka bando langu likakata.

Nilianza kuzitafuta. Nikagundua kumbe watu wengi duniani wanafanya hivi, wanaandika mistari michache, wanachora, halafu wanafanya mchoro usogee kidogo. Pazia linapepea. Paka anageuza kichwa. Mvua inanyesha kwenye sufuria moja. Watu wenyewe walionekana hawana shida na mtu yeyote, wala hawakuwa wakilia. Hilo ndilo lililonishangaza, maana nilidhani anayekaa peke yake lazima awe analia au anapanga ubaya.

Nikasema na mimi nijaribu. Nilichukua kalenda ya zamani, nikageuza upande mweupe, nikachora kwa chaki ya fundi. Mimi ni mshonaji, sijui kuchora mtu, najua kuchora nguo yake. Wanawake wangu wote walitoka na mabega mazuri na hawana mikono. Nikaandika shairi langu la kwanza hapo chini:

Ukungu umekuja bila hodi,
umekaa, haukuomba chai.
Mgeni wa namna hii
na aje kila siku.

Nililisoma kwa sauti nikacheka mwenyewe jikoni. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka nikiwa peke yangu katika ile nyumba, na nilijishtukia nimeangalia mlangoni nione nani amenisikia.

Sasa shida ilikuwa picha. Wanawake wasio na mikono hawawezi kufanya chochote kwenye video. Ndipo nikainua macho nikaona vibuyu vya mama.

Vilikuwa vimening'inia kwenye boriti ya jiko tangu nipate akili. Mama alivichora mwenyewe kwa waya aliyoipasha moto, halafu anapaka masizi na mafuta kwenye mikwaruzo ili michoro iwe myeusi. Zamani alikuwa anaviuza Mbumbuni, vingine vinafika Nunguni, watu wanatilia maziwa. Mitungi ya plastiki ilipoingia wanunuzi wakakoma, lakini mama hakukoma. Alichora tu. Sisi tuliviona kama vyombo, kama mtu anavyoona mwiko. Nikipanda nyumbani likizo nilikuwa naulizia kimoja cha kuwekea mbegu, nakichukua bila kukitazama.

Nilikitoa kimoja nikakifuta vumbi. Kilikuwa na mkanda wa michoro kiunoni, unazunguka kibuyu chote, na katika ule mkanda alikuwa mwanamke mmoja. Si wanawake wengi. Mmoja, kwa sababu kitambaa cha kichwa kilikuwa kile kile na leso ile ile imefungwa upande ule ule. Hapa ameinama. Mbele kidogo ameanza kuinuka. Mbele tena jembe limefika begani. Nikakigeuza chote. Alilima, akafuta jasho, akaketi, akainuka.

Nilikuwa nimeshajifunza kwenye simu jinsi picha inavyofanywa itembee. Unapiga picha, unasogeza kitu kidogo sana, unapiga nyingine, halafu simu inazipanga mbio mbio. Nikaweka kibuyu juu ya sahani iliyopinduliwa, simu nikaiegemeza kwenye mkebe wa majani chai, nikafunga mlango na dirisha la upande wa upepo. Nikapiga, nikageuza kiasi cha unene wa kidole, nikapiga. Wingu likipita mwanga unabadilika na picha inapepesa, kwa hiyo unangoja. Unakaa hapo mkono uko tayari, huna haraka, unangoja wingu limalize shughuli zake. Sikuwa nimewahi kungoja kitu kwa raha.

Nilipomaliza, nikabonyeza. Mwanamke wa mama akainua jembe, akalishusha. Akafuta jasho. Akaketi, na alivyoketi aliketi kabisa, magoti yakalegea, shingo ikashuka. Alikuwa ametua.

Nilimpigia mama Kitui. Nyuma yake runinga ilikuwa inapiga kelele na watoto wanagombania rimoti.

"Mwaitu, huyu mwanamke wa kibuyu ni nani?"

"Gani?"

"Yule analima."

"Aa. Ni mtu tu."

"Lakini ni yule yule kila mahali."

"Eeh. Nilikuwa napenda kuona anamaliza aje." Akashusha sauti. "Mwana wakwa, nitarudi lini? Huku watu ni wengi. Hata kuomba siombi, naombewa tu."

Siku ile ndipo nilipoelewa maana ya "kazi yangu." Mama hakuwa ameachwa kule juu. Alikuwa amefika. Baada ya kutulea sisi watoto wote, kumuuguza baba, kupika kwenye kila arusi na kila matanga ya kijiji, alikuwa amepata alasiri zake, akazishika, na sisi tukamtoa humo kwa upendo mkubwa na maombi. Nililia kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mbaya. Kama kungekuwa na mbaya, ningemkasirikia nikapona.

Nikaanza kumsumbua kaka. Nilimwambia mama anataka kurudi, mimi nitakaa naye, nitalala jiko la nje, sitamsumbua. Alikataa, nikarudia. Mimi nikishika jambo nalishika. Mwishowe akalegea. Akasema maharagwe yakishavunwa atamleta mwenyewe kwa gari. Mama alipoambiwa alifunga begi siku ile ile, na wajukuu wakanisimulia kwa simu wakicheka kwamba susu anatoa nguo ndani ya begi asubuhi, anavaa, na jioni anafua na kurudisha begini.

Maharagwe yalikuwa yameanza kukauka. Na mimi nilikuwa nimenogewa. Nilitaka mama akute vibuyu vyote vimetembea, kila kimoja na shairi lake. Tatizo likawa kina mama wa zamu. Unakaa na wingu alasiri nzima, mwanga umetulia, umefika katikati ya mkanda, halafu "Hodi hapa!" na meza inatikisika, kazi yote inaharibika. Nilianza kuchelewa kuitikia. Halafu nikaanza kutoitikia kabisa. Nilikuwa nimekaa ndani, pumzi nimeibana, na mimi mtu mzima, nikiwasikia wakizunguka nyumba wakisema, "Lakini moshi unatoka."

Alasiri moja nilikuwa narekodi sauti. Kibuyu chenyewe kilikuwa na mbegu kavu ndani ambazo mama alizihifadhi humo, na kila nikikigeuza zinalia, shaka, shaka. Nikaipenda ile sauti, nikaamua iwe chini ya shairi. Nikawa nageuza, nasoma mistari yangu, nakosea, narudia. Nageuza, nasoma, narudia. Mlango umefungwa. Nje walikuwa wamesimama wawili wa zamu, na sijui walisimama muda gani.

Mtu wa kwingine angesikia mbegu na shairi. Mtu wa kwetu akisikia kibuyu chenye mbegu kinatikiswa nyuma ya mlango uliofungwa, na mtu anarudia maneno yale yale kwa sauti ya chini, anajua hiyo ni nini hata kama amezaliwa kanisani. Ndivyo mundu mue, mganga wa kwetu, anavyofanya akitazamia. Anatikisa kibuyu, mbegu zinamjibu. Na mimi nilikuwa namwambia mgeni asiyeonekana aje kila siku.

Walirudi wakiwa wengi, na chupa ya mafuta ya kuombea. Nilifungua mlango nikiwa na hasira kwa sababu wameniharibia tena, nikawauliza kama hawana kwao. Hapo nilikosea. Mmoja, mwenye umri kunizidi, akasema kwa upole, "Mama, tuonyeshe tu hiyo kitu ulikuwa unatikisa. Hatutaki ugomvi." Nikaona bora niwaonyeshe yaishe. Nikatoa kibuyu, wakarudi nyuma hatua. Nikasema, ni mchoro tu wa mama, tazameni kwenye simu mwone nilichokuwa nafanya. Nikabonyeza.

Mwanamke wa kibuyu akainuka akaanza kulima.

"Asi! Imetembea!" mmoja akapiga kelele, na chupa ya mafuta ikamtoka mkononi. Wengine wakaanza kukemea kwa jina la Yesu. Nilijaribu kueleza habari za picha na kusogeza unene wa kidole, lakini nani anasikiliza unene wa kidole wakati mtu wa kibuyu ameamka? Leo nikikumbuka nacheka kidogo. Wakati ule sikucheka, maana kabla hawajafika barabarani simu ilikuwa imeshapigwa Kitui.

Kaka alikuja na waombaji. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sana sasa. Yeye ni mzee wa kanisa, na amepigiwa simu mbele za watu kwamba dada yake anatazamia kwa vibuyu vya mama yao. Alizitazama video. Aliniamini, nafikiri. Alinivuta kando ya zizi akaniambia, "Dada, najua ni mambo ya simu. Lakini hiyo maneno imeshafika kila mahali. Watu wakisema ni vya mwaitu, nitasema nini?"

Aliogopa jina la mama lisichafuke. Ndiyo maana vilichomwa. Vilishushwa kutoka kwenye boriti vyote, vikawekwa juu ya mabua ya mahindi uani, kina mama wakaimba. Kibuyu kikavu kinashika moto haraka na kupasuka kwa mlio. Nilisimama pale nikiwa nimeshika simu yangu. Sikusema neno, mimi mtu wa kelele. Ile nafasi ya kusema ninaijutia mpaka leo, ingawa sijui ningesema nini ambacho kingezima moto.

Halafu kaka akasema mama hatakuja kwanza. Boma litulie, watu wasahau. Mama alifungua begi lake.

Na sasa niseme jambo ambalo linanipa shida kulisema. Mwaka uliofuata ulikuwa mwaka mzuri kuliko yote maishani mwangu. Zamu zilikoma. Hakuna aliyebisha hodi. Waliokutana nami njiani walinisalimia vizuri wakapita. Nilikamua ng'ombe, nikapika muthokoi wa mahindi na maharagwe wa kutosha siku mbili, nikakaa mlangoni na kalenda zangu. Nilijifunza kuchora mikono. Nilikata vitambaa vilivyobaki kwenye kibanda changu, nikatengeneza mwanamke wa vitambaa mwenye viungo vinavyopinda, nikawa namsogeza juu ya meza, anapepeta maharagwe, anafunga kamba ya ng'ombe, anakaa. Chini yake naandika mistari. Nilizima redio moja, halafu ya pili. Kimya kile kile kilichokuwa kinanitisha kikawa ndicho ninachokirudia nikitoka sokoni, na nilitembea haraka kukifikia. Ukinikuta alasiri ya ukungu, chai mkononi, wingu likipita, ungesema huyu mama ana furaha, na ungesema kweli.

Sikuacha kumwambia kaka amlete mama. Lakini zamani nilimwambia kila wiki, na mwaka ule nikawa namwambia kila mwezi, na yeye alikuwa na sababu nzuri kila mwezi. Mara barabara, mara presha ya mama, mara watoto wamefunga shule wanataka susu awepo.

Mama naye akaacha kuuliza. Mwanzoni alikuwa ananiuliza, "Nitarudi lini?" Halafu akawa anauliza tu kama ng'ombe ameshika mimba. Halafu akawa ananisimulia mambo ya kwenye runinga, nani amemwacha nani, kama ni majirani zetu. Nikasema, afadhali, amezoea. Neno hilo nalo nalijutia. Tulikuwa tumeambiana tangu mwanzo kwamba atazoea, na alizoea.

Alipoletwa hatimaye, watu walikuwa wamesahau kweli. Kina mama wale wale walikuja kumpokea na unga na sukari, wakanikumbatia hata mimi. Kaka aliteremsha mama garini kwa uangalifu, akamkalisha kwenye kiti chake mlangoni. Nilikuwa nimeandaa kila kitu. Jiko la nje nilikuwa nimelipiga lipu nikahamia humo. Nyumba kubwa nilimwachia yote. Nilimtafutia kwa mkulima wa bondeni vibuyu vipya vilivyokauka vizuri, nikaweka waya kando ya jiko. Wageni walipoondoka nikamwambia, "Haya Mwaitu, nakuacha utulie," nikatoka nikiwa na furaha ya mtu anayerudisha mali ya mwenyewe.

Sikuwa nimefika kwenye jiko langu nikasikia ananiita. Nikarudi. Alikuwa amesimama katikati ya sebule ameshika mgongo wa kiti.

"Wengine wameenda wapi?"

"Wamerudi kwao, Mwaitu."

"Na watoto?"

"Watoto wako Kitui."

Akatazama pembe za nyumba. Nilimjua yule mtu aliyekuwa anatazama vile. Alikuwa mimi, mwaka wangu wa kwanza. "Fungua redio," akasema.

Tangu siku ile hakai chumba ambacho hakuna mtu. Nikienda kukata majani ananiita, naitika, baada ya kidogo ananiita tena, si kwamba anataka kitu, anataka kusikia naitika. Kina mama wakija anachangamka, anawazuia wasiondoke, na mimi nachemsha chai nyingine huku moyoni natamani waende zao. Vibuyu vipya havigusi. Nilimwekea waya mkononi siku moja, akaigeuza geuza, akaniuliza kama ni ya kufungia lango. Ana akili zake timamu, anakumbuka bei ya kahawa ya mwaka ule na ule. Ile hali ya kukaa tu ndiyo imemtoka. Ilimtoka Kitui, kidogo kidogo, katika nyumba ambayo kila mtu alimpenda, na sijui njia ya kumrudishia.

Nilihamia nyumba kubwa. Nalala chumba kimoja naye.

Juzi alasiri ukungu ulipopanda nilikaa naye mlangoni nikamwonyesha video ya kibuyu chake. Vibuyu vilivyochomwa hajawahi kuviuliza, na mimi sijawahi kumwambia. Alishika simu karibu na uso. Mwanamke akalima, akafuta jasho, akaketi. Nilimwangalia mama usoni, nikitafuta.

"Ni mzuri," akasema. "Lakini mbona yuko peke yake? Mwekee mtu."

Nilichukua simu nikaiweka mfukoni. Akanitazama, kisha akaangalia ile sebule nyuma yetu, na jiko la nje, na ukungu uliokuwa umeshafika kwenye zizi.

"Wewe ndio ulikuwa unakaa hapa pekee yako, huo wakati wote?"

"Ndiyo, Mwaitu."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana, mwana wakwa," mama akasema. "Kama ungeniambia, ningekuja mapema."